Kakakuona Niliyemlaza Juu ya Chumvi

Mpaka leo nikikaa kimya nasikia kisu kikikwangua bati. Krrr, krrr, mtu anapumua kidogo, halafu tena krrr. Ni sauti inayoingia kwenye meno. Mwenye kisu ni mimi. Wakati wa vita, hapa Kindu, mchora vibao hakuitwa kuandika majina, aliitwa kuyafuta. Wafanyabiashara waliotoka Kivu ya Kaskazini walikuwa wananiita mapema, kabla njia haijajaa watu, wananiambia kama dada yao mkubwa, "Yaya Zaina, toa jina langu pale juu. Acha tu chumvi na sabuni." Vita ilikuwa imetokea upande wa mashariki, na wao walitoka mashariki, basi watu wengine walikuwa hawahesabu zaidi ya hapo. Jina kwenye kibao lilisema mwenye duka anatoka wapi. Kwa hiyo nilipanda ngazi, nikakwangua kazi yangu mwenyewe.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaojifunza kuchora sasa, kwa sababu mtu mmoja kati yenu aliniomba, na kwa sababu macho yangu hayafai tena kwa herufi. Mimi niliishia darasa la sita, msitafute maneno makubwa hapa. Nimechoka pia. Mkono huu wa kuume ukishika kitu chembamba unatetemeka, na bega linauma kila mvua inapotaka kunyesha, na mnajua hapa kwetu mvua inataka kila siku.

Lakini nilipokuwa kijana nilikuwa mtu wa kucheka na kuota mchana. Mama yangu, mtu wa Lokandu, mke wa mvuvi, alikuwa ananiambia, "Zaina, kichwa chako kiko na madirisha mengi, hakina mlango." Niliamini kwamba nikichora vizuri watu watapendana. Nawaambia hivyo bila haya. Niliamini kabisa.

Aliyenifundisha kazi aliitwa mzee Sefu. Alikuwa mfupi, mwenye kofia iliyokuwa nyeupe zamani, na alikuwa haongei na mwanafunzi mpaka mwanafunzi amekosea. Mwaka mzima wa kwanza nilitengeneza pinso tu, brashi za kuchorea. Unachukua nywele za mkia wa mbuzi dume, unaziosha kwa majivu, unazipanga ncha zote upande mmoja, unazifunga kwa waya kwenye kijiti cha mwanzi. Ukichanganya ncha na mashina, pinso inatema rangi kama mtoto anayetema dawa. Nilichanganya mara nyingi. Mzee alikuwa anaichukua, anaitazama, anaitupa kwa nyuma bila kugeuka.

Vita ilipokuja rangi ya kopo iliisha. Treni haikuja tena, na wenye kwenda msituni walikuwa wanahesabu kama watarudi. Tukajifunza kupika rangi. Nyeusi ni makaa yaliyotwangwa na maji ya wanga wa muhogo. Nyeupe ni pembe, ule udongo mweupe wa kando ya mto. Nyekundu ni udongo wa barabara uliochujwa kwa kitambaa, ukiukoroga na mafuta ya mawese unang'aa kama umelowa, ila haukauki haraka na inzi wanaganda juu yake. Siku moja nilisikia kwamba nyeupe ikitiwa chumvi inashika ukuta vizuri. Nikatia. Ilishika, kweli. Ila mbuzi wa mtaa walikuja kulamba ukuta wa fundi cherehani mpaka jina lake lote likaisha, likabaki neno FUNDI peke yake kwa juu, mahali ndimi zao hazikufika. Yule fundi alicheka wiki nzima. Alisema sasa yeye ni fundi wa kila kitu. Mzee Sefu hakucheka. Chumvi wakati ule ilikuwa kitu cha kufungwa kwenye kona ya kitambaa.

Jambo lingine alilonifundisha nililiona la kipuuzi. Kabla hajachora ukuta wa watu, alikuwa anakwenda kukaa nao. Anakaa tu. Siku ya kwanza wanamwuliza anataka nini, anasema hataki kitu. Siku ya pili wanamzoea. Siku ya tatu wanamletea chakula, na akila chakula chao, hapo njo anauliza, "Sasa, niambieni, kitu gani hakichorwi kwenu?" Hakuuliza kinachochorwa. Mimi niliona ni kupoteza wakati. Nilikuwa nasema moyoni, mzee anapenda chakula cha bure.

Juzi walikuja kwangu vijana wawili wa proje, mradi wa amani, wenye fulana zinazofanana, wapole sana. Wanataka ukuta wa amani karibu na soko, wamenipa heshima ya kunionyesha kwanza. Kwenye simu yao kulikuwa na mikono minne ya rangi nne imeshikana, na njiwa juu. Nikawauliza, "Mumekaa na nani?"

"Na nani vipi, bibi?"

"Mumekula kwa nani?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Bibi, mpango umekwisha kuchorwa kwa mashini. Tunabandika tu bashi."

Sikuwagombeza. Bashi yao, lile turubai la plastiki, itang'aa, na mvua haitaitoa. Watu watapita chini yake kwenda kununua mihogo, hakuna atakayekasirika na hakuna atakayesimama. Nilitaka kuwaeleza habari ya kakakuona, lakini pikipiki yao ilikuwa inangoja. Kwa hiyo nawaelezeni ninyi.

Mama Kavira alikuwa na duka dogo la kuta za udongo kando ya njia inayoshuka kwenye pompi ya maji. Mumewe alibaki Butembo, njia ikakatika, akawa peke yake hapa na watoto watatu. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, mkristo wa kuimba asubuhi, na mkali kwenye mizani hata kwa nafsi yake. Chumvi yake ilikuja kwa avio, ndege ya mizigo. Wakati huo huo wanawake wa Pangi waliokimbia vijiji vyao walikuwa wamelala kwenye madarasa ya shule huko juu. Waliokuwa na moyo walikuwa bado wanakwenda pembeni mwa msitu kutafuta mawese na mchele, wakileta kwa Mama Kavira kubadilisha na chumvi. Yeye alikula kwa mawese yao, wao walikula kwa chumvi yake. Hawakupendana. Walikuwa wanabadilishana vitu mlangoni kama watu wanaopitishiana moto.

Mama Kavira hakuniambia nikwangue jina lake. Aliniambia, "Zaina, uniwekee kitu kwenye ukuta wa kando. Watu waone siko muntu wa kuogopa."

Mzee Sefu hakuwapo. Alikwenda Lubutu kumzika ndugu, njia ikafungwa nyuma yake, na hakurudi. Kwa hiyo hakuna aliyenizuia. Nilifurahi kama mtu aliyepewa kiwanja. Nikaona picha nzima kichwani: watu wote wa mtaa kwenye ukuta mmoja, juu ya gunia la chumvi. Kwa watu wa mto nikachora samaki na wavu, kwa watu wa milima ya Kivu nikachora vitunguu na viazi. Na kwa watu wa Pangi? Nilikuwa nimesikia tangu utoto kwamba Walega, ndio hao watu wa Pangi, wanamheshimu sana kakakuona, yule mnyama wa magamba anayejikunja kama mpira. Nikasema, basi huyo huyo. Nikampa nafasi kubwa kuliko wote, nikamlaza juu ya gunia la chumvi, mkia unaning'inia, kila gamba nimelitia udongo mwekundu na mawese mpaka anang'aa. Siku mbili nilikaa kwenye magamba peke yake. Sijawahi kuchora kitu kizuri kama kile.

Mtu wa kwanza kusimama alikuwa baharia mmoja. Alitazama samaki, akatazama vitunguu, akatazama mnyama, akauliza, "Mama Kavira iko nauzisha na ile?"

Nikacheka. Sikusikia alichokuwa ananiambia.

Kesho yake wanawake wa Pangi waliteremka na vidumu vyao vya mawese. Walikuwa watano. Walipofika kwenye kona waliona ukuta. Mmoja alijishika mdomo. Wakageuka na mawese yao, wakapanda tena kilima, na siku iliyofuata hawakuja, na ile nyingine hawakuja.

Mnajua jinsi maneno yanavyotembea kwenye mtaa wenye njaa. Mara ya kwanza ilisemwa kwamba yule mwanamke wa Kivu anawacheka watu wa Pangi. Halafu ikasemwa kwamba anauza kitu chao kisichouzwa. Halafu vijana wa pale kwenye pompi, ambao hata hawakuwa watu wa Pangi, wakaanza kusema kwamba lile duka lingefaa kuvunjwa, na mmoja alirusha jiwe kwenye bati ili asikie linavyolia.

Mama Kavira aliniita ndani. "Kuko nini na ule ukuta?"

"Sijui, mama."

"Walisema nimetukana. Nimetukana nani? Miye sijashika hata rangi."

"Sijui, mama," nilisema tena.

Hapo njo kosa langu, vijana. Kumchora kakakuona lilikuwa kosa la ujinga, na ujinga unasameheka. Lakini mimi nilianza kufahamu. Baharia aliuliza, wanawake waligeuka, mtu yeyote mwenye macho angeunganisha. Na kila mtaa ulipomsema Mama Kavira, mimi nilikuwa nasimama pale na pinso zangu, nanyamaza. Hakuna aliyesema jina langu. Niliogopa kwamba wakijua, hakuna atakayeniita tena kuchora. Nilikaa hivyo siku nyingi. Nilikuwa nakwenda nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisipite kwenye ukuta.

Asubuhi moja nikamkuta Mama Kavira anakunja mashuka. Mtu wa kiwanja cha avio amemwahidi nafasi, yeye na watoto, kesho kutwa. "Sina mawese, sina muntu anayeingia hapa," alisema. "Na lile jiwe la bati, siku ingine litapiga mutoto." Hakulia. Alikunja shuka, akaona halikukaa sawa, akalikunjua, akalikunja tena.

Nilipanda kwenye shule. Sikujua pa kuanzia, nikafanya kitu pekee nilichomwona mzee Sefu akifanya. Nikakaa. Mwenye sauti kwenye darasa lile alikuwa Bibi Bitondo, mjane, mikono mikubwa, anatwanga mpunga akiwa ameegemea dawati. Nikachukua mchi wa pili. Alinitazama, akasema kwa wenzake, "Huyu wa mjini anatwanga kama anapiga mlango wa deni." Wakacheka. Nikaendelea. Mchana ukapita. Sikuwa na siku tatu, nilikuwa na moja na kipande.

Jua liliposhuka kidogo wakapakua bugali na sombe ya majani ya muhogo. Bibi Bitondo akanisogezea sahani. Nikala. Halafu nikasema, "Bibi, ule ukuta niliuchora miye. Mama Kavira hakunituma kuweka yule mnyama. Hakujua kitu. Niliona ni heshima."

Bibi Bitondo aliweka tonge chini. Wote wakanitazama.

"Ulimuuliza nani?" alisema.

"Sikuuliza."

"Yule njo alitufundisha kuezeka nyumba," Bibi Bitondo alisema, taratibu, kama anayezungumza na mtoto mwenye homa. "Tazama magamba yake, tazama majani ya paa. Tukimkuta amekufa msituni, wakubwa wanaitwa, kuko mambo yanafanywa, miye mwanamuke siwezi kukuambia yote. Halazwi juu ya kitu cha kuuzishwa. Na weye umemulaza juu ya chumvi, umemutia mafuta. Tuliona kama ameshatayarishwa kwa chungu."

Mwanamke mwingine akasema, "Na yule mama umemwachia hii yote kwa kichwa?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

Nikamwambia. Akatoa sauti ya ulimi kwenye meno, ile ndefu. Nilistahili ndefu zaidi.

"Anaondoka kesho kutwa," nikasema. "Na watoto."

Bibi Bitondo alirudi kwenye mpunga wake. Alitwanga muda mrefu. Nilikuwa nimeshasimama niondoke aliposema, "Usikwangue. Umesikia? Usimuguse na kisu. Na kesho kutwa asubuhi usishike pinso."

Niliporudi nilimwambia Mama Kavira kila kitu, mlangoni, nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe njo weye." Akafunga mlango. Siku iliyofuata hakunifungulia.

Nataka mjue, kabla sijamaliza, kwamba picha haina nguvu mnayofikiri. Ukuta ule haukuzuia bunduki. Askari walipokuja kupora mtaa wetu baadaye, walipora kwa aliyechorwa na kwa asiyechorwa, na nyumba ya mama yangu ilibaki na milango tu. Nimechora kuta nyingi tangu siku hizo, nyingine nzuri, na nimeona watu wakigombana mbele yake wakiegemea picha yangu. Mtu akiniambia kwamba sanaa inaleta amani ninamtazama tu, kama namna mzee Sefu alivyotazama pinso. Ninachojua ni kidogo zaidi. Ninajua nilichokiona asubuhi ile.

Ile kesho kutwa walikuja sita, na Bibi Bitondo mbele, na beseni mbili za udongo kichwani. Mtu wa baiskeli alikuwa ameshafika, mizigo ya Mama Kavira imefungwa nyuma kwa kamba za mpira: magunia mawili na begi la nguo. Watoto wamevaa viatu. Mama Kavira alitoka, akaona wanawake, akasimama katikati ya mlango na mikono yake imeshika pande zote mbili, kama wanataka kuingia kwa nguvu.

Bibi Bitondo hakumsalimu. Alikwenda kwenye ukuta, akatua beseni, akamtazama yule mnyama muda kidogo, midomo yake ikitembea. Halafu akachota udongo kwa mkono, akauweka juu ya kichwa chake taratibu, namna mtu anavyomfunika aliyelala. Wengine wakafuata. Mgongo, miguu, mkia. Hata wale vijana wa pompi walisogea kutazama.

Walipofika kwenye gunia la chumvi udongo waliouweka juu ya mnyama ulianza kupasuka, maana magamba yalikuwa na mafuta yangu. Bibi Bitondo akageuka. "Mama wa duka, kuko maji?"

Mama Kavira alibaki mlangoni, macho yake kwenye udongo. Kisha akasema, "Hautashika."

"Unasema?"

"Udongo wenu. Hautashika. Kwetu tunatia majivu kwanza."

"Majivu," Bibi Bitondo alisema. "Kwenu muko nakaa ndani ya jiko?"

"Kwetu nyumba ziko nasimama."

Mmoja wa wale wanawake akaguna, ikawa kicheko. Mama Kavira akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na sufuria ya majivu ya jikoni, akapiga magoti kwenye njia na nguo yake ile ya safari, akamimina, akaanza kukanda. Bibi Bitondo akachuchumaa upande wa pili wa beseni. "Mengi sana," akasema. "Ongeza maji," Mama Kavira akasema. "Weye ni mugumu." "Weye vilevile, bibi." Mikono minne kwenye beseni moja, mpaka viwiko, na hakuna mtu aliyeichora.

Ukuta ulishika. Udongo ulipokuwa bado laini, Bibi Bitondo alipitisha vidole vyake juu yake, safu kwa safu, kila safu ikikanyaga ya chini yake, kama majani ya paa. Mwenzake akachukua safu ya pili. Yule mtoto wa mwisho wa Mama Kavira akavua viatu na kujiunga. Mimi nilisimama nyuma na mikono yangu mitupu. Nilikuwa nimekatazwa pinso, na sikuona cha kusahihisha.

Jua likapanda. Mtu wa baiskeli akauliza mara mbili kama avio inangoja, hakuna aliyemjibu, akaenda kuketi kwenye kivuli cha pompi. Mama Kavira hakusema anaondoka, hakusema anabaki. Alikuwa anabishana na Bibi Bitondo juu ya pembe ya juu, ambapo alisema safu zimepinda.

Basi nikaenda kwenye baiskeli. Nikafungua kamba za mpira moja moja, nikazikunja. Nikabeba gunia la kwanza, nikaliingiza ndani, nikaliweka mahali lilipokuwa, nyuma ya mizani. Nikarudi kuchukua la pili. Begi la nguo nililileta mwisho, nikalifungua, nikatoa mashuka, nikayatandika kitandani.